Njia Iliyoota Nyasi

Kathini alikuwa na ufagio wa nyumba, ufagio wa uwanja, na ufagio wa njia. Huo wa njia hakuna aliyeruhusiwa kuushika, na kusema kweli hakukuwa na mtu wa kuushika, maana aliishi peke yake. Ulikuwa wa vijiti vigumu vilivyofungwa kwa kamba ya katani. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa chai, aliinama nao kuanzia mlangoni hadi barabarani, hatua mia mbili na kumi za mteremko, akiondoa kila jani na kila kijiti kana kwamba siku hiyo analetewa mahari.

Hakuna aliyekuwa akimletea mahari mwanamke wa miaka sitini na mitatu. Aliyekuwa akingojwa ni mwanawe Kiema, mtoto wake pekee, aliyeshuka njia hiyo miaka sita iliyopita na begi moja begani na asirudi.

Vilima vile vya chini ya Migwani, ukipita ukakuta nyasi zimeota katikati ya njia ya boma, hupigi hodi. Unashusha sauti, unajua wenyewe wamekufa au wamehama, na unaenda zako. Hilo halifundishwi shuleni, mtu hukua nalo kama anavyokua na jina lake. Njia safi ndiyo inayosema kwamba watu wapo, ndiyo maana Kathini aliifagia hata siku ambazo homa ilimtikisa na akalazimika kupumzika mara nne kabla ya kufika chini. Aliogopa jambo moja tu: Kiema aje, aone nyasi njiani, ageuke.

Na alikuwa na sababu ya kuogopa, kwa sababu ni yeye mwenyewe aliyemfukuza.

Mumewe Nthiwa alipofariki alimwachia kilima kilichochakaa na mikau miwili mikubwa kando ya mahali alipozikwa. Mukau ni mti wa kuonea fahari Ukambani. Mbao zake haziliwi na mchwa, majani yake mbuzi hushiba kwayo wakati kila kitu kingine kimekauka. Kiema wakati huo alichoma makaa, kazi iliyomwachia kovu kwenye kidole gumba. Sitamtetea, wala sitamlaumu sana, kwa sababu mwaka ule wa ukame nusu ya vijana wa kilimani walichoma makaa na nusu nyingine walitamani. Alimaliza miti ya chini, akamaliza ya juu, na juma ambalo mama yake alienda Kitui kwa mkutano wa maombi wa siku tatu, akakata mikau miwili ya kaburini.

Kathini aliona moshi tangu barabarani. Alipofika na kukuta visiki, alisema maneno ambayo mpaka leo angetoa jicho moja ili yasiwe yamesemwa. "Toka. Usikanyage hapa tena. Hata nikifa, usije kunizika."

Kwa Wakamba, neno la mama si kitu cha kuokota na kutupa. Likishatoka, hakuna mchungaji wala mzee wa ukoo anayeweza kulifuta. Mdomo uliolitoa ndio unaotakiwa kulirudisha. Kiema alilijua hilo. Aliingia ndani akatoka na begi, akashuka. Kathini alisimama mlangoni akingoja hasira ipoe ili amwite, na hasira ilipopoa kijana alikuwa ameshapanda gari la kwanza lililopita.

Namba aliyokuwa nayo ya Kiema ilizimwa mwezi huohuo. Yake mwenyewe nayo ilikufa baadaye, kwa sababu laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la marehemu Nthiwa, na kampuni za simu hazina subira na marehemu. Alipata laini nyingine. Watu wengine walisema Kiema yuko Mombasa, wengine walisema Emali, na mmoja asiye na adabu alisema labda hayuko popote. Kathini hakujua kama mwanawe yu hai. Aliendelea kufagia.

*

Kilima chenyewe kilikuwa kimekufa ganzi. Jembe likipiga lilidunda. Mvua ilikuja, ikateleza juu ya udongo mwekundu bila kuingia, ikashuka na kila kitu hadi mtoni. Kwa hivyo Kaveke, jirani yake wa upande wa magharibi, alipoanzisha mwethya wa kurudisha nyasi, Kathini alijiunga. Mwethya ni ile kazi ya zamu, leo shambani kwako, kesho kwangu, na hakuna anayelipwa ila kwa mgongo wa mwenzake. Walikuwa wanawake kumi na wawili. Walikutana kila Alhamisi.

Aliyewafundisha alikuwa Najma, afisa wa mimea ya asili kutoka Kitui mjini, binti wa muuza vitambaa, aliyevaa hijabu na gambuti na kuongea Kikamba vizuri kuliko watoto wa mchungaji. Aliwaonyesha namna ya kuchimba mashimo ya nusu mwezi, mgongo wa shimo ukielekea bondeni ili maji yakishuka yakamatwe na kukaa. Ndani ya shimo, mbegu za nyasi ambazo mama zao walizijua kwa majina: mbeetwa, ambayo ndama huikimbilia, na ndata kivumbu, yenye masuke ya manyoya yanayoshika kila nguo inayopita. Kathini alipoyasikia majina hayo kinywani mwa msichana wa mjini, alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Alikuwa hajayasikia tangu utoto.

Msimu wa kwanza kilimani kwake hakukuota kitu. Walipanda mbegu zilizovunwa juzi, na nyasi hizo zina kiburi, mbegu yake ikivunwa ni lazima ilale kwanza miezi kadhaa ndipo ikubali kuamka. Mwaka uliofuata Kathini aliweka gunia la mbegu juu ya kitanda cha Kiema, mahali pakavu. Kitanda kilikuwa kitupu, na gunia lilikuwa refu kiasi cha mtu aliyejikunja. Usiku mmoja alijikuta akilifunika shuka, akajionea haya, akalifunua. Asubuhi yake alilifunika tena, akajiambia ni kwa ajili ya panya.

Msimu wa pili nyasi zilichipua. Zikasimama kama kidole, halafu mvua kubwa ya Novemba ikaja na kuzing'oa safu mbili nzima, pamoja na mashimo yake. Msimu wa tatu ikawa vilevile. Mwezi Oktoba wa mwaka jana, mwethya ulipofika kwake kuchimba upya, wanawake walisimama wakitazama uharibifu, na hakuna aliyeshusha jembe lake.

"Mama Kiema," Kaveke akaanza. Sauti yake ilikuwa ya kusikika kilima cha pili hata akinong'ona. "Hii ni mara ya nne tunachimba hapa. Ya nne! Huu mgongo nilipewa mmoja tu."

"Ni mvua," Kathini alisema.

"Mvua ilinyesha kwangu pia. Kwangu nyasi iko."

Wote wakamtazama Najma. Najma alikuwa amechuchumaa kando ya njia, anapima kina kwa mkono. Mkono uliingia hadi kwenye kiwiko.

"Susu, usikasirike," alisema, akimwita bibi kwa Kikamba. "Shida ni hii njia. Imenyooka kutoka juu mpaka chini, na wewe unaifagia kila siku mpaka imekuwa mtaro. Maji yote ya kilima inaingia hapa, inashika mbio, halafu hapo chini inaruka inabomoa kazi yetu."

Ni kweli njia ilikuwa imenyooka. Marehemu Nthiwa alikuwa mtu wa haraka asiyependa kona, na ndiye aliyeichora.

"Tuifunge," Najma aliendelea. "Tupande nyasi juu yake, kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Wewe utapitia huku nyuma, kwa ua wa Mama Kaveke. Inazunguka zunguka, lakini maji haiwezi kukimbia kwa njia ya kuzunguka."

"Hapana," Kathini alisema.

"Mama Kiema..."

"Nimesema hapana. Chimbeni kwingine. Njia msiiguse."

Kaveke alikuwa mwanamke mwema, lakini wema wake ulikuwa na kikomo, na kikomo kilikuwa kimefika. Aliweka jembe begani. "Basi uchague. Ufagio wako ama sisi. Mwethya haiwezi kurudi hapa kuchimbia mtaro." Akageuka, na wengine kumi wakamfuata mmojammoja, wengine wakiomba msamaha kwa macho. Kathini alibaki amesimama katikati ya njia yake safi. Alhamisi ndiyo siku pekee sauti ya mtu mwingine ilisikika katika boma lile, na sasa Alhamisi nayo ilikuwa inashuka kilima.

Najma hakuwafuata. Alivua gambuti moja, akamwaga mchanga, akakaa chini.

"Niambie, susu," alisema. "Si kwa sababu ya project. Niambie tu."

Kathini hakuwa amemwambia mtu yeyote. Kaveke alijua Kiema aliondoka, kila mtu alijua, lakini hakuna aliyeyajua maneno. Akamwambia huyu mtoto wa watu mambo yote, moshi, visiki, begi, na yale maneno matatu. "Akikuja akute nyasi njiani," alimaliza, "atasema mama amekufa. Na nilimwambia nikifa asije. Atageuka pale pale."

Najma alitazama juu, kulikokuwa na mlango. "Ataona nyumba."

"Nyumba za waliokufa pia zinasimama."

"Basi ataona moshi," Najma akasema. "Nyumba ya mtu aliyekufa haitoi moshi ya jikoni. Wewe washa moto mapema, uiache mchana kutwa. Akija ataona moshi, atapita juu ya nyasi, atafika."

Ilikuwa rahisi kwake kusema. Alikuwa na miaka ishirini na saba na mama yake alimpigia simu mara tatu kwa siku. Lakini Kathini aliwaza juu ya moshi siku mbili nzima, na siku ya tatu akaenda kwa Kaveke, akasimama nje ya ua.

"Njooni Alhamisi," alisema. "Mtaifunga."

"Njoo unywe chai kwanza," Kaveke alisema, naye alikuwa amekosa usingizi.

*

Hatua ya kwanza ya njia aliichimba mwenyewe. Hapakuwa na mahali pagumu kuliko hapo katika kilima chote, maana pamekanyagwa na watu wa nyumba ile tangu alipoletwa bibi arusi. Wanawake walimpisha. Alipasua udongo, akachota mbegu zilizochanganywa na mchanga, akazinyunyiza, akaburuta tawi la mwiba juu yake ili zifunikwe kidogo tu. Alilia waziwazi, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu Kaveke alikuwa ameanzisha wimbo wa kanisani kwa sauti yake ile, na ndani ya sauti hiyo mtu yeyote angeweza kulia bila kuonekana. Jioni aliuegemeza ufagio wa njia nyuma ya mlango.

Mvua ilikuja wiki ya pili ya Novemba. Maji yalishuka, yakakuta njia imechimbwa nusu mwezi baada ya nusu mwezi, yakakaa. Baada ya siku kumi na mbili kulikuwa na ukungu wa kijani juu ya udongo. Kathini aliuinamia akaugusa. Alifurahi, na akajichukia kwa kufurahi.

Kutoka siku hiyo aliwasha moto alfajiri na kuuacha mpaka giza. Alipika maji ambayo hakuyanywa. Alichemsha mahindi mara mbili. Kuni zilimchosha kuliko alivyochoka wakati wa kufagia, lakini moshi ulipanda, na kila alipokuwa shambani alikuwa akigeuka kuutazama.

Krismasi watoto wa wenzake walirudi kutoka Nairobi na Thika. Kwa Kaveke kulichinjwa mbuzi, wajukuu wakapiga kelele mpaka usiku. Walimwita, akaenda, akala, akabeba kipande cha nyama kwenye sahani ya plastiki iliyofunikwa. Alirudi kwa njia ya nyuma, ile ya kuzunguka. Nyama hiyo ilikaa siku mbili kabla hajaila. Alikuwa anaiweka.

Kufikia Januari nyasi za njiani zilikuwa zimemfikia magotini, zimekomaa, masuke yamekuwa rangi ya maziwa ya chai. Kilima kizima kilicheza upepo ukipita. Najma alileta wageni wawili wakapiga picha, wakamsifu Kathini. Yeye alitazama mahali njia ilipokuwa na hakuweza kuiona.

"Sasa angalia moto," Kaveke alimwonya. "Hii nyasi ikishakauka hivi, cheche moja tu. Usitoke ukaacha jiko inawaka."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Kwa hivyo siku za Jumapili, kabla ya kwenda kanisani, Kathini alimwagia moto maji, akasubiri majivu yapoe, ndipo akafunga mlango.

*

Jumapili ya tatu ya Januari ibada ilikuwa ndefu. Alirudi saa nane, kwa njia ya nyuma, akabadilisha nguo, akatoka uwanjani kuchukua kuni. Ndipo alipouona mstari.

Ulianzia barabarani, ukapanda moja kwa moja kati ya nyasi, mabua yamelala pande mbili. Mbuzi haendi hivyo. Mbuzi huzurura na kula, na hapa hapakuwa na mahali palipoliwa. Ng'ombe angevunja zaidi. Kathini aliweka kuni chini, akaufuata akishuka.

Ulifika hadi kwenye jiwe kubwa la katikati, pale ambapo mtu anayetoka chini huanza kuona mlango na kaburi. Hapo nyasi zilikuwa zimekanyagwa duara zima. Mtu alisimama hapo muda mrefu, akihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu. Kulikuwa na alama ya kisigino cha kiatu. Halafu mstari ulirudi kulekule ulikotoka.

Kathini alikaa juu ya jiwe. Mwizi angefika mlangoni. Mgeni wa Najma angepiga simu. Mtu wa kanisani angepita nyuma. Ni nani mwingine duniani angeijua njia hiyo chini ya nyasi, hatua kwa hatua bila kupotea, na afike pale, aone nyumba isiyo na moshi, akumbuke aliambiwa asikanyage, asimame, ashindwe kwenda mbele?

"Yu hai," alisema kwa sauti. Hapakuwa na mtu wa kumsikia. Alilisema tena, halafu likamjia lile la pili: kwamba huko aliko sasa, Kiema anaamini mama yake amekufa. Alijifunika uso kwa leso akakaa hapo mpaka jua likashuka.

Jumatatu asubuhi alikuwa stejini pa bodaboda, njia panda ya Migwani, kabla waendeshaji hawajamaliza chai. Pikipiki tisa zilikuwa zimepangwa. Kathini hakumsalimu mtu. Alianza na ya kwanza, akainamia kiti cha nyuma, akakipapasa kwa kiganja, akaenda ya pili.

"Susu, unanunua ama unakagua?" mmoja aliuliza, na wenzake wakacheka.

"Huyo ametumwa na serikali. Leteni leseni!"

Ya tatu ilikuwa na vumbi, ya nne na vumbi, ya tano ilikuwa imetoka kuoshwa. Kwenye ya sita, katika mshono wa kiti, masuke mawili ya ndata kivumbu yalikuwa yamenasa kwa manyoya yake, rangi ya maziwa ya chai. Hakuna kilima kingine upande huo wa barabara ambako nyasi hizo zilishuka mpaka barabarani.

"Hii ni ya nani?"

Mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo aitwaye Nzioka, aliyehamia kutoka upande wa Mwingi muda si mrefu. Aliacha kucheka alipoona uso wake.

"Ni yangu, mama. Kuna shida?"

"Jana ulibeba nani?"

Nzioka alikumbuka vizuri. Alimpakia mwanamume mmoja hapo stejini asubuhi, saa za kanisa, mrefu, ana kovu kwenye kidole gumba. Walisimama barabarani chini ya kile kilima cha nyasi. "Akaniambia ningoje. Akapanda. Nikafikiri ni broker wa mashamba. Lakini hakukaa. Alirudi amevua kofia, anapangusa macho nayo. Nikamuuliza, boss, ni sawa? Akasema, 'Hapa hakuna mtu tena.' Basi. Nikamrudisha stage, akapanda gari ya kwenda Makueni."

"Hakuna mtu tena," Kathini alirudia.

"Mimi sikujua kuna mtu anaishi huko, mama. Pole. Ile njia imeota nyasi."

Alikuwa anaomba msamaha kwa kosa ambalo halikuwa lake. Kathini alimshika mkono wa koti. "Alikulipa na nini?"

"Na simu."

Waendeshaji walikuwa wamesogea karibu sasa, vikombe mikononi. Nzioka alitoa simu yake, akapekua ujumbe kwa kidole kinene, akapita wa jana jioni, akapita wa mchana, akasimama. Alimgeuzia. Jina lilikuwa limeandikwa lote, la kwanza na la baba yake. Kiema Nthiwa. Na chini yake namba.

Kathini hakupiga hapo. Nzioka alimwandikia namba nyuma ya bahasha ya sadaka, akamrudisha nyumbani na akakataa nauli. Aliposhuka barabarani, Kathini hakuzunguka kwa njia ya nyuma. Aliufuata mstari wa nyasi zilizolala, nyayo juu ya nyayo, akipanda polepole mpaka kwenye jiwe. Hapo mtandao ulikuwa mzuri, na hapo ndipo alipotaka kusimama.

Alijua anachotakiwa kusema. Alikuwa amekifanyia mazoezi kwa miaka sita, akiwa na ufagio mkononi: kwamba lile neno analirudisha, kwamba amelitubia mbele ya Mungu, kwamba mikau ni miti tu na kisiki kimoja kimeanza kuchipua pembeni. Alibonyeza namba mojamoja.

Simu iliita mara tano. Kisha ikapokelewa na mtoto.

"Halo?"

Kathini aliibana simu sikioni. Nyuma ya mtoto kulikuwa na jogoo, na mwanamke anayeimba mbali, na baridi ya aina fulani katika sauti zote, kama nyumba iliyo juu vilimani.

"Halo? Nani?"

"Hapo ni wapi?" Kathini aliuliza.

"Mbooni."

Mbooni. Ni huko huko Makueni, mtu akitoka alfajiri anafika kabla ya chakula cha mchana. "Na wewe," alisema, akijishika kwenye jiwe, "unaitwa nani?"

"Naitwa Kathini," mtoto akasema, wazi kabisa, kama anavyofundishwa mtoto kuwajibu wakubwa. "Mimi niko na miaka minne. Nimepewa jina ya susu wangu, lakini yeye alikufa."

Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Hupewa hata kama mama huyo alimfukuza baba.

"Mpe baba yako simu," Kathini alisema.

Kukawa na hatua za mbio, mlango, kelele za vyombo. Halafu pumzi ya mtu mzima.

"Nani mwenzangu?"

Sauti ilikuwa imekuwa nzito. Maneno yote ya miaka sita yaliondoka, moja baada ya jingine, pakabaki jiwe, nyasi zilizokanyagwa, na yule mwanamke mmoja.

"Ni mimi," alisema.

Kisha, kwa sauti ndogo ambayo hakuwa ameisikia tangu kijana akiwa wa darasa la tatu:

"Mwaitu? Mama? Nilikuja jana. Nilikuta nyasi."

"Hiyo nyasi ni mimi nilipanda," Kathini alisema. "Ikanyage, uje."